Mwalimu wa Msaidizi wa Kisheria

Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Kitui



Nimeombwa nizungumzie elimu ya wasaidizi wa kisheria katika kaunti zetu mbili, Kitui na Makueni. Mazungumzo ya namna hii huanza kwa mtaala: masomo mangapi, mihula mingapi, karo kiasi gani. Naomba leo tuuache mtaala mezani, tumtazame mtu anayeushika. Nitazungumza juu ya mwalimu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha sheria nilirudi nyumbani likizo ya Desemba. Jirani yetu, mjane, alikuja jioni na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, barua ya chifu, nakala za vitambulisho, na karatasi ya zamani ya shamba iliyokunjwa mpaka ikapasuka kwenye mikunjo. Shemeji zake walikuwa wameanza kumwonyesha mnunuzi mipaka. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe unayewasomesha watu sheria. Nisaidie."

Nilijua kwamba Sheria ya Urithi hukataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa idhini, na kwamba kufanya hivyo ni kosa la jinai. Kifungu cha 45 nilikuwa nimekifundisha wiki mbili nzima. Tukaenda kortini pamoja asubuhi yake, na karatasi zetu zikarudishwa dirishani. Tukazipanga upya, zikarudishwa tena. Mara ya tatu karani mmoja wa masjala, mtu wa makamo, alitoka nje akaketi nasi kwenye benchi. Aliisoma barua ya chifu polepole, kisha akamwuliza mjane kwa Kikamba, "Mama, una watoto wangapi?" Akajibu saba. Karani akamwonyesha kwa kidole: barua ilitaja watano. Mabinti wawili walioolewa waliachwa. "Rudi kwa chifu awaandike wote, hata hao walioolewa. Bila wao ombi lako litapingwa, na atakayelipinga atakuwa na haki." Akaeleza fomu zipi zinajazwa, ile ya ombi lenyewe, P&A 80, na ile ya kiapo, P&A 5. Akaeleza kwamba tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kwamba wenye pingamizi hupewa siku 30. Mjane alielewa yote. Nami nilielewa mambo ambayo miaka minne ya shahada haikunifundisha.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba karani yule alistahili kuwa mwalimu chuoni. Hilo ndilo nililokuja kulitetea.

Mnajua kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na ikampa msaidizi wa kisheria jina na nafasi ndani ya sheria zetu. Kwa sheria hiyo, msaidizi ni mtu aliyeajiriwa na Huduma hiyo au na mtoaji msaada aliyeidhinishwa, na aliyemaliza mafunzo katika taasisi iliyokubaliwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Kabla ya hapo kazi ilifanywa miaka mingi na watu waliofunzwa na mashirika kama Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973. Walifunzwa siku chache makanisani na chini ya miti, wakarudi vijijini, wakafanya kazi. Wengi wao wangali hai, na baadhi wamekaa ukumbini humu. Sheria mpya haikuwadharau, lakini iliuhamisha mlango. Sasa mlango ni darasa, na ni haki yetu kuuliza ni nani aliyesimama hapo.

Swali hili ni zito kwetu kuliko kwa watu wa Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni: zaidi ya milioni mbili, katika nchi kavu iliyotawanyika. Kaunti ya Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Zipo korti Kitui, Mwingi, Kyuso na Mutomo. Zipo Makueni, Makindu, Kilungu na Tawa. Lakini mtu wa Endau au wa Voo hupanda boda boda, kisha matatu, kabla hajaona bendera ya mahakama, na mawakili wengi wa nchi hii wana ofisi Nairobi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kulisikia jambo la mwananchi huku ni jirani anayeaminika kwamba "anajua mambo ya korti". Huyo akikosea tarehe, shamba limekwenda.

Ukambani hakujawahi kukosa walimu wa sheria. Willy Mutunga alizaliwa Kitui mwaka 1947, akasoma sheria Dar es Salaam, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akawekwa kizuizini mwaka 1982, na alipotoka hakurudishiwa kazi yake ya kufundisha. Miaka ikapita, na kuanzia 2011 hadi 2016 alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Makau Mutua, naye mwana wa Kitui, alifukuzwa chuoni Nairobi, akamalizia masomo Dar es Salaam, na baadaye akawa mkuu wa kitivo cha sheria cha Buffalo, Marekani. Upande wa Makueni yuko Kivutha Kibwana, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuingia siasa, kisha gavana wa kwanza wa Makueni kutoka 2013 hadi 2022.

Siwataji kwa ajili ya kujisifu kikabila. Nawataja kwa sababu wote watatu waliichukua sheria nje ya darasa, na wawili wa kwanza waliadhibiwa kwa msimamo wao. Nami nadhani si bahati tu kwamba Mutunga na Mutua walipitia Dar es Salaam. Chuo kile kilifunguliwa mwaka 1961, na sheria ndiyo iliyokuwa somo lake la kwanza. Wanasheria wengi wa kizazi cha uhuru katika Afrika Mashariki walipita pale. Walimu wa pale na wanafunzi wao walikuwa na kamati ya msaada wa sheria iliyowahudumia wasio na uwezo. Mwanafunzi alimwona mwalimu wake akiisikiliza shida ya mtu wa Manzese au Kariakoo, na huko kuona kukawa sehemu ya somo.

Naye Kibwana, alipokuwa gavana, aliweka utaratibu wa wananchi kujadili miradi kuanzia kijijini kwenda juu. Watu walikuja kutoka kaunti nyingine kujifunza mjini Wote. Wengi waliusifu ule kama utawala mzuri. Mimi niliuona kuwa ualimu: profesa aliyekuwa amefundisha Katiba darasani sasa anaifundisha kwa mkutano wa kijiji, na mwananchi wa kawaida anauliza bajeti ya kisima chake imekwenda wapi.

Basi mwalimu wa msaidizi wa kisheria wa Ukambani ajue nini?

Ajue ntheo. Wenzangu waliosomea Nairobi hunitazama kwa mshangao nisemapo hivyo. Lakini mjane akija, na ndugu za marehemu wakadai kwamba hakuwa mke, korti za huku zimeuliza swali lile lile tena na tena: mbuzi wa ntheo walipelekwa? Nani aliwapeleka, nani aliwapokea, mwaka gani, wazee gani walikuwapo? Ndoa ya kimila ya Kikamba husimama au huanguka hapo. Hakuna fomu ya mahakama yenye nafasi iliyoandikwa "ntheo". Msaidizi anayeandika maelezo ya mjane lazima awe amefundishwa kuuliza, na kuuliza mapema, wakati mzee aliyewapokea mbuzi angali anakumbuka.

Ajue pia iweto. Mwanamke aliyekosa mtoto, au aliyekosa mwana wa kiume, humwoa mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa nyumba yake. Nimewahi kumsikia mhadhiri mgeni akiliruka jambo hili kwa kicheko, na darasani alikuwamo kijana ambaye bibi yake aliolewa hivyo. Yule kijana hakuuliza swali tena muhula mzima. Mahakama zetu zimezisikiliza kesi za iweto kwa uzito unaostahili, maana mwisho wa kesi hizo ni watoto kurithi au kufukuzwa. Mwalimu anayecheka hana haki ya kumfundisha mtu atakayeketi na familia hiyo.

Na ajue ng'undu, kisesi na weu. Mzee akisema shamba fulani ni ng'undu, anasema ni ardhi ya kulima iliyofunguliwa na ukoo wake. Akisema kisesi, anazungumzia malisho yaliyotengwa. Weu ni nyika ya wote. Maneno haya matatu yamebeba historia ya umiliki wa huku, nayo hujitokeza maofisa wa serikali wanapokuja kugawa na kusajili ardhi, kazi ambayo katika baadhi ya sehemu za Kitui bado haijakamilika. Sheria ya ugawaji huo ni ya mwaka 1968. Daftari likikamilika na tangazo likatolewa, asiyeridhika ana siku 60 za kuweka pingamizi. Pingamizi likiamuliwa, ana siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri. Baada ya hapo mlango hufungwa, na kuufungua tena ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi.

Nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo ninapoumia. Katika miaka yangu ya kusikiliza watu nimeona wachache walioshindwa kwa sababu sheria ilikuwa dhidi yao. Wengi walishindwa na kalenda. Tangazo lilibandikwa kwa ofisi ya chifu wakati wa mvua, watu wako shambani, aliyelisoma hakuelewa, aliyeelewa alidhani siku 60 huanza siku atakapopata habari. Mwalimu anayewafundisha vijana nadharia ya umiliki wa ardhi na asiwafundishe kuhesabu siku hizo kwa vidole, kwenye kalenda ya ukutani, amewanyima nusu ya kazi. Mwanafunzi wangu hamalizi muhula kabla ya kunichorea kalenda ya kesi tatu: ya pingamizi la ardhi, ya mirathi, na ya deni katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Katika mahakama hiyo mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Fikirieni msaidizi aliyefunzwa vizuri anavyoweza kumwandaa mama wa soko la Kalundu au Wote aliyekopesha asilipwe.

Lakini kuijua mila ni jambo moja, na kuinyenyekea ni jambo lingine. Kifungu cha 2 cha Katiba ya 2010 kinasema sheria ya kimila inayopingana na Katiba ni batili kwa kiwango cha kupingana huko. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Rono, iliwapa mabinti sehemu sawa na ya ndugu zao wa kiume katika mali ya baba. Ndiyo sababu karani yule aliwataka wale mabinti wawili wawemo katika barua ya chifu. Vilevile Katiba, katika kifungu cha 159, inazitambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na mwaka 2020 Mahakama ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki. Mimi naunga mkono kabisa nzama, baraza la wazee, kumaliza ugomvi wa mpaka au wa mbuzi walioingia shambani. Wazee wana subira na kumbukumbu ambazo korti haina. Ila wazee wangu mniwie radhi, nitasema mbele yenu: kesi ya mtoto aliyenajisiwa haimalizwi kwa mbuzi, wala kwa faini, wala kwa kiapo cha kithitu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 imeuondoa mikononi mwa familia uamuzi wa kuiacha kesi hiyo. Msaidizi lazima ajue kumpeleka mtoto hospitali siku hiyo hiyo, kuhakikisha jambo limeandikwa katika OB, kitabu cha matukio cha polisi, na namba imechukuliwa, na kuifuatilia fomu ya P3. Mwalimu wake asipolisema waziwazi darasani, kijana wa miaka 22 hatakuwa na nguvu ya kuwaambia wazee wa kwao kwamba hapana.

Kuna suala la lugha. Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Wanafunzi wetu husoma kwa Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha hutumwa kuzungumza na watu kwa Kikamba na Kiswahili. Nani amewafundisha kuvuka? Mimi huwapa zoezi: chukua hati ya mashtaka, nenda nyumbani, mweleze bibi yako mpaka yeye aweze kukueleza wewe. Wengi hukwama kwenye dhamana. Watu wa huku wengi huamini fedha za dhamana ya korti ni malipo yaliyoliwa. Hawaambiwi kwamba kesi ikiisha na mshtakiwa alihudhuria, fedha hurudishwa, na kwamba risiti ile itunzwe kama hati ya shamba. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kulipia dhamana, kisha ikawasha moto kwa risiti. Zoezi la bibi lina thamani kwangu kuliko insha ya kurasa kumi.

Huko duniani suala la ualimu katika fani hii limefikiriwa. Malawi, mwaka 2000, wasaidizi wa kisheria walianza kuingia magerezani, wakawafundisha mahabusu kwa maigizo jinsi ya kuomba dhamana na kujitetea.  Marekani, ambako chama cha mawakili kimekuwa kikiidhinisha programu za fani hii tangu miaka ya 1970, miongozo humtaka mwalimu awe na ujuzi wa somo, uwezo wa kufundisha, na ufahamu wa kazi ya msaidizi yenyewe. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau. Sisi tumefanya kana kwamba fani hii ni shahada ya sheria iliyotiwa maji, na kwamba yeyote aliyeachwa na kozi kubwa atafaa kuifundisha.

Lazima pia niseme habari za hali ya walimu wenyewe. Wengi wanaofundisha fani hii ni wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa somo. Nimekuwa mmoja wao, katika chuo nisichokitaja, na nilingoja malipo ya muhula mmoja kwa zaidi ya mwaka. Wakili wa Machakos anayefika Ijumaa saa nane na kuondoka saa kumi ili awahi matatu hawezi kumpeleka mwanafunzi masjala. Hawezi kuketi naye kwenye benchi. Si mtu mbaya. Muda wake haukununuliwa. Chuo kinachotaka mwalimu wa kwenda na wanafunzi kortini Jumatatu, siku ambayo korti hujaa, kimwajiri na kimlipe kama mwalimu.

Na tukimlipa, tumdai. Adai naye mipaka kwa wanafunzi wake. Msaidizi si wakili. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa nyaraka fulani kwa malipo, na Sheria ya 2016 inamtaka msaidizi afanye kazi chini ya usimamizi. Nje ya kila korti wamo watu wanaojiita wasaidizi na kuchukua elfu mbili hapa na elfu tano pale kwa ahadi. Tangu mwaka 2024, mahakama kote nchini zilipoanza kupokea kesi kwa mtandao, watu hao wamehamia saiba, kwa sababu mwananchi asiyeweza kufungua akaunti ya mahakama humpa nywila yake yeyote anayekaa mbele ya kompyuta. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi kuingiza kesi mtandaoni bila kuwafundisha kwamba akaunti ni ya mwenye kesi na siri ni yake, amezalisha madalali wapya.

Kenya School of Law kule Karen hutoa diploma ya sheria kwa wasaidizi, nayo ni taasisi ya kuheshimika. Lakini Karen iko zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini hapa. Kwa Vonza tuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Kitui na Makueni zina vijana, zina korti, zina wazee, zina mashirika. Sioni sababu ya kumpeleka kijana wa Kyuso Nairobi akajifunze namna ya kumsaidia mtu wa Kyuso.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo, kwa Baraza la Elimu ya Sheria na kwa mabunge ya kaunti zetu ni hili. Mtakapotangaza nafasi ya kufundisha fani hii, ombeni wakili, ndiyo. Sheria lazima ifundishwe na anayeijua. Lakini kando yake aajiriwe karani wa masjala mwenye miaka kazini, hata kama hana shahada ya uzamili, na aajiriwe msaidizi wa siku nyingi kutoka kijijini. Wapewe cheo, mshahara na ofisi yenye jina mlangoni. Nao mzee wa nzama na mwanamke kiongozi wa kikundi waitwe darasani kila muhula, walipwe nauli na posho kama mgeni mwingine wa chuo. Kanuni za sifa za wahadhiri zikizuia, zibadilishwe. Ziliandikwa na watu, na watu hao wanafikika.

Karani niliyewasimulia alistaafu. Anaishi kwake, upande wa Mutomo, analima ndengu. Majirani bado humpelekea bahasha zao za kaki jioni, na hadi leo hakuna chuo kilichowahi kumwita.